Pesa ya watu ikilala kwa akaunti ya mdosi (uzi mrefu kidogo)

hesabu_za_mwezi ameandika:

Wadau habari zenu. Juzi nilikuwa kwa matatu ya Outering hapa Nairobi jioni, jam imekataa kusonga, vijana wawili nyuma yangu wanabishana mdosi mzuri ni nani, mmoja anasema ni yule hapigi watu kelele, mwingine anasema ni yule mshahara unaingia kabla ya tarehe thelathini, nikashuka Donholm sijasema neno lakini kichwa kikaendelea kubishana nao mpaka kwa mlango wa nyumba. Kwa hivyo wacha niseme hapa.

Mimi ni mhasibu. Nimeshika mishahara ya watu miaka kumi na tisa sasa, kwanza kwa kiwanda kimoja huko karibu na Lunga Lunga Road, halafu kwa karakana ya vyuma Kariobangi Light Industries ambako niko mpaka leo. Majina ya hizo kampuni sitataji, msiniulize. Lakini mtu wa vitabu anamwona mdosi kwa upande ambao wengine hawamwoni. Nyinyi mnamwona akihutubia sherehe ya Desemba, mimi namwona tarehe ishirini na nane pesa haitoshi.

Mwaka wa 2013, kwa hicho kiwanda cha kwanza, saa nne ya chai, fundi mmoja wa mitambo akaingia ofisini kwangu. Mtu wa makamo, mpole, alikuwa ametoka Sacco asubuhi hiyo kuuliza mkopo wa karo, kijana wake ameitwa Fomu Wani. Alikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ni ile ya mshahara niliyomtolea mimi mwenyewe, imeandikwa makato ya Sacco shilingi 4,500, na ya miezi mingine pia ilikuwa hivyo hivyo. Ya pili ni taarifa ya akiba kutoka Sacco, miezi mitano ya mwisho sufuri, sufuri, sufuri. Akaziweka mbili kando kando kwa meza yangu akazinyoosha na kidole gumba, kidole kina grisi, kikaacha alama chini ya hizo sufuri. Hakupaza sauti. Akaniuliza tu, "Madam, hizi zilienda wapi?"

Nilikuwa najua zilienda wapi. Zilinunua dizeli ya jenereta na zikalipa amana ya malighafi. Mdosi alikuwa ameniambia tuzizungushe kidogo, mwezi ujao mteja mkubwa akilipa tutarudisha zote. Na nataka mnielewe vizuri, huyo mdosi hakuwa mwizi wa kujenga nyumba na pesa za watu. Alikuwa anaendesha gari kuukuu, alikuwa analipia watu bili za hospitali, mtu akifiwa anafika matangani mwenyewe. Aliposema atarudisha alikuwa anamaanisha. Mwezi ujao ukaja na shida zake, na mwingine, na mwingine.

Mimi nikamwambia fundi, "Naifuatilia." Nilimdanganya. Kijana aliripoti shule wiki tatu baada ya wenzake, na wale waliokuwa tayari kumdhamini kwa Sacco wakaanza kumuuliza kama kweli yeye huweka akiba ama anawapiga hadithi. Jina la mtu likaharibika kwa makosa ya meza yangu. Hiyo sijawahi kuisahau na sitaki kuisahau.

Sasa point yangu ndio hii. Watu wakisema uongozi wenye maadili wanafikiria roho safi, mdosi anaomba Mungu, mdosi ana huruma. Huyo wangu alikuwa na hivyo vyote. Kitu hakuwa nacho ni ua, yaani uzio. Pesa ya wafanyakazi ilikuwa inalala kwa akaunti moja na pesa ya kununua dizeli, na mtu mmoja peke yake ndiye alikuwa anasema itoke. Siku ya shida hata mtu mwema atanyoosha mkono, kwa sababu jenereta imezima na mteja anapiga simu na pesa iko hapo inaonekana. Busara ni kujenga ua mapema, siku mambo yako sawa, ili siku mambo yakiharibika wewe mwenyewe usiweze kuruka.

Sheria iko hata hivyo. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mwajiri akikata pesa kwa mshahara wa mtu lazima aipeleke kule ilikokatiwa. Siku hizi PAYE (kodi ya mshahara), NSSF (akiba ya uzeeni) na SHIF (bima ya afya) zote zinatakikana kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Lakini sheria huja baada ya kijana kukosa shule.

Na msifikirie ni viwanda vidogo tu. Oktoba 2015 Benki Kuu pale Haile Selassie iliweka Imperial Bank chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kushika benki iliyokwama. Ilikuwa benki yenye leseni, ina bodi ya wakurugenzi, ina wakaguzi wa hesabu kutoka nje. Mkurugenzi mkuu alifariki Septemba, ndipo hao wenzake kwa bodi wakaenda kuambia Benki Kuu kuna mambo yamegunduliwa kwa vitabu. Fikiria hapo, lazima mtu afe ndio hesabu zifunguliwe. Watu waliokuwa wameweka akiba yao wakaamka wakapata milango imefungwa. Ama Nakumatt, ile supamaketi, ilianza kama duka la magodoro Nakuru, ikakua mpaka ikawa na matawi kwa nchi nne, halafu Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Kulikuwa na wakulima na wenye viwanda waliokuwa wamepeleka mali ikauzwa, pesa ya mauzo ikapitia kwa kaunta, na haikuwafikia. Hiyo pia ni pesa ya watu. Mkate wa mtu ukishauzwa pesa yake si mtaji wako.

Wacha nichukue chai narudi, sehemu ya pili ni ya Kariobangi.

hesabu_za_mwezi ameandika:

Nimerudi. Nilipohamia Kariobangi 2016, siku ya kwanza mdosi mpya alinipa vitabu viwili vya hundi. Akaniambia hii ni ya kazi, hii nyingine ni ya watu. Kila mwisho wa mwezi makato yote, Sacco, NSSF, kila kitu, yanahamishwa siku ile ile ya mshahara kwenda kwa akaunti ya watu, na hiyo akaunti inatoka na sahihi mbili, yangu na ya mwakilishi ambaye mafundi walimchagua wenyewe. Sahihi yake yeye mdosi haiko hapo kabisa. Nikamuuliza kwa nini amejitoa. Akasema, "Mimi najijua. Nikiwa na deni la chuma nitakuja kukuomba, na wewe utaogopa kunikatalia."

Na alikuja! Machi 2020, corona imeingia, kafyu ya saa moja jioni, oda za milango na mageti zimekatika, alikuja kwa ofisi yangu akasimama pale mlangoni akauliza kwa akaunti ya watu kuna ngapi. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo akasema sawa, akaondoka. Hakuomba. Kesho yake akaita watu wote thelathini na mmoja kwa uwanja wa nyuma, kila mtu na barakoa yake, akachukua chaki akaandika kwa ule mlango mkubwa wa chuma ambao mteja alikuwa amekataa kuuchukua: pesa iliyoko, deni la chuma, kodi ya karakana, mishahara. Akaandika na mshahara wake, watu hawakuwa wanaujua. Halafu akaufuta kwanza kabla ya kugusa wa mtu mwingine. Wasimamizi tukakatwa nusu, mimi nikiwemo, mafundi robo, na wale wa kubeba na kufagia hawakuguswa hata shilingi. Miezi minne tulikaa hivyo. Fundi mmoja aliuliza itakuwaje oda zisiporudi, akajibiwa ukweli, kwamba wengine itabidi waende, na ikifika hapo watapewa notisi ya mwezi na malipo ya siku kumi na tano kwa kila mwaka waliofanya, venye sheria inasema. Hakuna aliyepiga makofi. Lakini pia hakuna aliyeanza kuiba vipande vya chuma, na mnajua karakana ikinuka njaa vyuma huanza kutembea usiku.

Sitaki mfikirie huyu ni malaika. Miaka ya kwanza alikuwa anapea kila mtu advansi. Mtu akija na shida anatoa pesa ndogo za ofisini papo hapo, moyo mkubwa sana, na mwezi mmoja wa 2017 nikapata watu kumi na wanne wako na advansi, siku ya mshahara wengine wanaenda nyumbani na elfu mbili, wanamkasirikia yeye aliyewasaidia. Tukabishana sana mimi na yeye. Mwishowe wafanyakazi wakaanzisha mfuko wao wa dharura, wanachanga kidogo kidogo, kampuni inaongeza kiasi hicho hicho, kamati yao ndiyo inaamua nani anapewa. Aliumia kidogo kuacha kuwa mtu wa kutoa. Lakini aliacha.

kijana_wa_umoja ameandika:

Dada, hii yote ni nzuri kusikiza lakini wacha tuongee ukweli wa mtaa. Mimi niko kwa kampuni ya kusambaza vifaa vya ofisi. Tenda bila kitu kidogo hupati. Mdosi akisema yeye ana maadili tutakula maadili? Mshindani wetu anatoa asilimia kumi na anakula kazi zote, sisi tunafukuzwa kazi na mikono safi.

hesabu_za_mwezi ameandika:

@kijana_wa_umoja ndugu yangu sikukatalii, hiyo shida ni ya kweli na mwenye hajawahi kuilipia asikuhubirie. Sisi tuliikataa moja, kazi ya mageti, ofisa alitaka asilimia kumi yake. Mdosi alikataa tukaikosa, na mimi nilimkasirikia kwa sababu ningekuwa nimemaliza deni la chuma mwezi huo. Tulibanana miezi mitatu.

Lakini angalia hiyo asilimia kumi inatoka wapi. Haitoki mfukoni mwa mdosi. Itatoka kwa chuma nyembamba, kwa rangi mkono mmoja badala ya mbili, ama kwa masaa ya vibarua. Na mimi mhasibu nitaambiwa niiandike kama usafiri. Siku hiyo nimejifunza kuandika uongo kwa vitabu, na anayejua kuandika uongo kwa ajili ya kampuni anajua pia kuuandika kwa ajili yake mwenyewe. Mdosi atamkemeaje?

Na sheria ya hongo ya 2016 inagusa hata kampuni binafsi, watu wengi hawajui. Kampuni inatakiwa iwe na utaratibu wake wa kuzuia hongo, na mtu mwenye cheo akijua ama akishuku kuna hongo ana masaa 24 kuripoti kwa EACC, ile tume ya kupambana na ufisadi. Mwenye cheo si mdosi peke yake, unaweza kuwa wewe.

muuza_mayai_ruai ameandika:

Mimi naongea kama mwenye kusaplai. Si ile duka umetaja, ni nyingine, sitaitaja. Nilipeleka trei za mayai miezi minne. Kila nikipiga simu naambiwa hundi iko kwa sahihi. Mayai yaliuzwa, mimi mwenyewe nilinunua trei moja kwa hilo duka nikalipa pesa taslimu kwa mayai yangu. Kuku hawangoji sahihi, wanataka chakula asubuhi. Niliuza kuku mia mbili wa kutaga kama kuku wa nyama. Sikulipwa yote mpaka leo. Kitu kiliniuma ni yule kijana wa ofisi ya malipo, alikuwa anaona haya kuniangalia, anajua, hana la kufanya.

hesabu_za_mwezi ameandika:

@muuza_mayai_ruai pole sana mama. Huyo kijana wa malipo ni mimi wa 2013.

Kwa wenye wanasoma na wanasaplai, sheria ya ushindani ilibadilishwa 2019, sasa mnunuzi mkubwa kukuchelewesha malipo bila sababu ya maana ni kosa, na malalamiko yanapelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani. Lakini muwe na makaratasi, tarehe ya kupeleka mali na aliyepokea.

Na wakurugenzi nao, Sheria ya Kampuni ya 2015 haisemi wafanye faida basi. Kifungu cha 143 kinawaambia wakitafuta mafanikio ya kampuni waangalie matokeo ya mbele, maslahi ya wafanyakazi, uhusiano na wanaosaplai na wateja, jamii na mazingira. Mimi nilikisoma nikashangaa, iko wazi hivyo na nimekaa kwa mikutano mingi sijawahi kusikia mtu akikitaja.

mzee_wa_bahati ameandika:

Kwetu Mombasa husemwa mkubwa ni jalala. Kila taka hutupwa kwake na hana budi kuzipokea. Mimi nilikuwa msimamizi bandarini kabla nije Nairobi kukaa na wanangu. Bosi tuliyempenda ni yule ukimpelekea habari mbaya hakutafuti wewe, anaitafuta habari. Wengine ukiwaambia kreni ina ufa wanakuuliza nani amekutuma. Basi mnanyamaza, mpaka iangushe kontena.

hesabu_za_mwezi ameandika:

Mzee shikamoo, na ahsante. Hapo umegusa kitu nilikuwa nimekiruka. Kwa kiwanda kile cha kwanza, miezi mitano ya sufuri tulikuwa watu watatu tunajua. Tulikuwa tunakula pamoja mchana na hatukuwahi kuitaja kati yetu, kwa sababu mwaka uliopita kuna mwenzetu aliuliza swali kwa mkutano na akahamishwa stoo. Hakufukuzwa, alihamishwa tu, na ilitosha.

Ndio maana nilimheshimu Bob Collymore. Alikuwa mkuu wa kampuni ya simu ya Safaricom kuanzia 2010 mpaka alipofariki Julai 2019, na 2015 alitangaza mali yake hadharani, mshahara na vyote, na yeye hakuwa mtumishi wa umma wa kulazimishwa. Mkubwa akifungua mfuko wake kwanza, karani wa chini akiuliza swali la pesa haonekani mchochezi.

supavaiza_kijana ameandika:

Naomba ushauri, nimesoma uzi wote. Mimi nasimamia vibarua ishirini na wawili kwa godauni. Wanafanya masaa kumi na moja kwa siku, siku sita. Naambiwa niandike masaa manane na nisaini. Nimesaini miezi miwili. Nina mke na mtoto wa miezi saba, sina uwezo wa kukaa bila kazi. Nifanye nini?

hesabu_za_mwezi ameandika:

Kaka, ahsante kwa kusema, najua si rahisi kuandika hivyo hata kwa jina la bandia.

Sitakuambia uache kazi, mtoto wa miezi saba hali maneno yangu. Ila acha kusaini uongo kuanzia kesho, na nitakuambia venye ningefanya. Nunua kitabu, andika masaa ya ukweli ya kila mtu, kuingia na kutoka. Fanya hesabu. Masaa kumi na moja kwa siku sita ni sitini na sita, wiki ya kawaida ni hamsini na mbili, kwa hivyo kila mtu ana kumi na manne ya ziada, na ziada ya siku ya kawaida inalipwa mara moja na nusu. Piga mara ishirini na wawili. Halafu angalia pia nani amefanya mfululizo mwezi mzima ama zaidi, kwa sababu kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinamtoa huyo kwa ukibarua wa siku na kumweka kwa masharti ya mwezi.

Hizo namba mpelekee mdosi wako akiwa peke yake, asubuhi, kabla simu hazijaanza. Usianze na neno haki, anza na deni. Mwambie bosi, hili ni deni la kampuni na linakua kila wiki, na sahihi iliyo chini yake ni yangu. Wengi hawajawahi kuona hiyo jumla imeandikwa mahali pamoja. Akikuuliza nani amekutuma, utajua uko na mdosi wa aina gani na uanze kutafuta kwingine polepole ukiwa bado unalipwa. Na weka nakala nyumbani.

supavaiza_kijana ameandika:

Nimerudi, wiki mbili zimepita. Nilienda Jumanne saa moja na nusu. Alisoma ile karatasi akiwa amesimama, akaisoma tena ameketi. Hakuniuliza nani amenituma. Akaniuliza kama nina hakika na kumi na manne. Nikamwonyesha kitabu. Akasema niache kitabu hapo.

Jumamosi vibarua walilipwa ziada ya wiki mbili. Ile ya nyuma hakuna aliyeitaja. Kitabu hakijarudi na naogopa kukiuliza. Nakala iko nyumbani chini ya godoro la mtoto. Leo nimenunua kingine cha shilingi sitini.

hesabu_za_mwezi ameandika:

Hicho kipya andika na wino, si penseli. Na kila jioni kabla hawajatoka getini kila mmoja aweke sahihi yake mwenyewe kando ya masaa yake, asiyejua kuandika aweke kidole gumba. Ya nyuma usiiache, ikumbushe mwisho wa mwezi, tena asubuhi, tena akiwa peke yake. Niko hapa, uniandikie.